Mguu wa Kushoto kwenye Barabara ya Kamembe

Kama umefunika mguu wako kwa kitenge unaposoma haya, uache umefunikwa. Sitakuambia uufunue. Mimi mwenyewe niliuficha wangu kwa miaka, na hata leo, ngozi ikiwa imetulia na uvimbe umepungua, mtu akiingia kwangu ghafla mkono wangu huvuta suruali chini kabla mdomo haujasema karibu. Ugonjwa huu hauui haraka. Unakuacha uishi, uende kazini, ukutane na watu, na kila mtu unayekutana naye ana macho. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko maumivu.

Kwetu Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, wanauita imidido. Wengine wanasema matende. Mguu unavimba, ngozi inakuwa ngumu, vidole vinapotelea ndani ya mafundo, na maji yakianza kutoka huja na harufu.

Nilizaliwa Kongo, upande wa pili wa mto wa mpakani, kwenye milima iliyo nyuma ya Bukavu. Wazazi wangu walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia huko kabla sijazaliwa. Utoto wangu wote nilitembea miguu wazi kwenye udongo mwekundu, nikilima muhogo na kubeba ndizi, na viatu vya kwanza nilivaa nilipokwenda mjini kujifunza kushona. Wakati huo mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuwasha na kujaa jioni. Tuliporudi Rwanda baada ya vita na mauaji, mimi na mke wangu Maman Furaha, watoto wetu, mama yangu na mdogo wangu Beata, mguu ulikuwa umeshakuwa mzigo. Tulipata shamba Gashonga. Majirani walitupokea vizuri, lakini siku chache tu baadaye nilisikia mama mmoja kwenye kisima akisema kwa Kiswahili cha mpakani, "Ule papa, balimuroga kule Kongo." Niligeuza njia na ndoo tupu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilijishonea suruali yenye mguu mmoja mpana, nikaficha upana huo ndani ya mikunjo, ili ukinitazama nimesimama usione tofauti. Nilipata kazi mjini Kamembe, kwenye duka la kushona la mama mmoja wa Bukavu, Maman Neema. Siku za kwanza nilipanda gari za mizigo zilizokuwa zikibeba watu. Asubuhi moja joto lilikuwa kali, na mwanamke aliyekaa karibu nami akaanza kunusa huku na huku, akitafuta samaki aliyeoza kwenye vikapu vya wenzake. Alitafuta kwa bidii, maskini. Alipofika kwangu akatazama chini, kisha akahamia upande wa pili wa gari. Wengine wakasogea mmoja mmoja. Nilibaki na nafasi ya watu watatu peke yangu.

Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba nataka baiskeli.

"Na mguu hiyo?" akauliza.

"Kwenye velo hakuna muntu wa kukaa pembeni yangu."

Ndivyo nilivyoanza. Watu wengi wananisifu leo kwamba nilikuwa na moyo wa kunyonga baiskeli kila siku kutoka Gashonga hadi Kamembe, milima yote ile. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa nakimbia pua za watu.

Lakini baiskeli ina ubaya wake. Mguu uliouficha chini ya meza, baiskeli inauinua juu, inaushusha, inauinua tena, mbele ya kila mtu aliyesimama kando ya barabara. Suruali yangu pana ilijaa upepo, na ilikuwa bahati tu kwamba mnyororo uko upande wa kulia. Kwenye miteremko nilikuwa mtu kama watu. Kwenye vilima ilibidi nishuke nisukume, na hapo ndipo watoto wa shule walinipata. Waliimba kwa mdundo wa hatua zangu, moja ndogo, moja kubwa. Sikuwahi kuwafukuza. Niliinamisha kichwa, nikajifanya naangalia kama gurudumu lina upepo.

Dukani nilikaa mbele, karibu na mlango, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mzuri na wateja walipenda kuniona nikishona. Cherehani ya mguu nayo inataka kukanyagwa, kwa hiyo mguu wangu haukupumzika, asubuhi hadi jioni. Mvua za msimu ule zilipoanza, vidonda vilifunguka kati ya vidole. Nilivifunga kwa matambara niliyokata kwenye mabaki ya vitambaa. Maman Neema alivumilia. Halafu siku moja alikuja akiwa amebeba pazia mkononi.

"Papa Furaha," akasema kwa sauti ndogo, "usikasirike. Bantu benye kuleta nguo banauliza harufu inatoka wapi. Mi siwezi kukufukuza, unajua kazi. Tutaweka mashini yako kule nyuma."

"Hakuna shida, Maman," nikasema.

Nilimsaidia mwenyewe kutundika pazia. Alikuwa mfupi, hakufika juu.

Hizo zilikuwa siku za vita vya pili vya Kongo. Kuna asubuhi tulisikia milio ng'ambo ya mto, tukaacha kushona, tukamtazama Maman Neema ambaye mumewe alikuwa bado Bukavu. Mpaka ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Na kwa upande wetu barabarani kulikuwa na kizuizi cha askari, maana waliogopa watu wanaoingia na silaha. Kila asubuhi tulipanga mstari, wenye ndizi, wenye mbuzi, wenye baiskeli.

Askari wa kawaida walinizoea. Siku moja walibadilishwa. Yule mpya alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, akaona suruali yangu pana na kitu kinene ndani yake.

"Umeficha nini hapo?"

"Afande, ni mguu."

"Mguu gani iko hivyo? Fungua."

Nilimwomba twende kando, nyuma ya kibanda chao. Akakoki bunduki. Nikakaa chini kwenye tope, nikakunja suruali, nikaanza kufungua matambara. Yalikuwa mengi, ya rangi zote, mabaki ya magauni ya wanawake wa Kamembe. Nyuma yangu mstari mzima ulikuwa unatazama. Kulikuwa na mwalimu wa mtoto wangu. Kulikuwa na shemasi wa kanisa letu na mke wake. Tambara la mwisho lilikuwa limeshikana na ngozi, ikabidi nilivute.

Askari alirudi nyuma, akaweka mkono mdomoni.

"Pita," akasema. "Pita haraka."

Kama angenipiga ingekuwa nafuu. Sikuweza kufunga tena pale mbele ya watu. Nilichukua matambara mkononi, nikapanda baiskeli na mguu wazi, nikaenda. Shemasi aliniambia "Pole, Papa" nilipompita. Nikazidi kunyonga.

Baada ya siku ile homa ilinikamata. Wenye ugonjwa huu wanaijua: baridi inakutikisa mchana wa jua, mguu unawaka kama jiko, tezi za kinena zinauma hata kugeuka kitandani ni kazi. Nililala hadi mvua zikakaribia kwisha. Homa ilipoondoka, sikurudi kazini. Niliipeleka baiskeli nyuma ya nyumba, nikaiegemeza kwenye migomba, nikaiacha huko kuku wakailalia.

Mke wangu alilima shamba peke yake. Tulikuwa tumeshaacha kulala kitanda kimoja. Yeye hakusema ni harufu, mimi sikuuliza. Kisha asubuhi moja akaja kusimama mlangoni.

"Utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka mguu ipone."

"Haitapona kwa kulala. Unaona haya ya bantu ba barabarani, na mimi? Mimi hauoni haya yangu? Kila siku banakuja kuniuliza kama na batoto bataipata. Najibu peke yangu. We uko ndani." Sauti yake ikakatika. "Kuna masera kwenye dispanseri, banasema anaosha miguu ya bantu. Twende."

Nilikwenda kwa sababu alikuwa analia, na Maman Furaha si mtu wa kulia.

Dispanseri ile ilikuwa na benchi refu la mbao chini ya paa la bati. Siku hiyo ilikuwa ya chanjo, na benchi lilijaa akina mama na watoto. Nilikaa mwishoni kabisa, mguu nimeusukuma chini ya benchi. Mtoto mmoja wa kike alikuwa anacheza sakafuni, akaingia chini ya benchi kutafuta kizibo chake cha chupa, akatoka akipiga kelele ya furaha:

"Maman, kuya uone! Ule papa eko na mguu ya tembo!"

Mama yake akamvuta na kumpiga kibao. Mtoto akalia. Benchi lote likatazama ukuta. Nilitaka kusimama niondoke, mke wangu akanishika mkono, akaushika hadi jina langu likaitwa.

Masera Konsolata alikuwa mtawa mnene wa makamo, naye pia alikulia Bukavu, akaongea nami kama mtu wa nyumbani. Alileta beseni, akapiga magoti. Nilirudisha mguu nyuma.

"Masera, hapana. Inanuka."

"Mi sijafika hapa juu ya kunusa mauwa," akasema, akauchukua mguu, akauweka ndani ya maji.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameugusa kwa muda mrefu. Nilitazama dari. Alinitajia mambo machache tu, na nitayasema hapa maana ndiyo yaliyonisaidia. Hakuna aliyeniroga. Hauambukizi. Hautapona kabisa, lakini utapungua. Kuosha kila siku kwa sabuni, kukausha kila mkunjo na kati ya kila kidole, kupaka mafuta, kufunga bandeji safi, kuuinua mguu wakati wa kulala. Kutokanyaga tena udongo bila kiatu na soksi.

"Na kazi yako, unaenda na nini?"

"Nilikuwa naenda na velo. Niliacha."

"Vidonda vikishafunga, rudilia. Mguu ikikaa inajaa. Ikifanya kazi inapunguka."

"Masera, si mguu. Ni bantu."

Aliendelea kukausha vidole vyangu.

Kiangazi chote kilipita kwa kuosha. Mwanzoni nilijiosha mwenyewe nyuma ya nyumba, nikiwa nimegeukia ukuta. Siku moja Maman Furaha alikuja na kigoda, akakaa, akasema mimi sikaushi vizuri kati ya vidole, naacha maji. Akachukua kitambaa. Aligeuza uso pembeni kila alipovuta pumzi, nikajua anajilazimisha, nikaona haya hadi machozi yakanitoka. Yeye akajifanya haoni. Kufika wakati wa kuvuna maharage hakugeuza uso tena, na alikuwa ananisimulia habari za majirani huku anaosha, kama mtu anayeosha vyombo. Jioni moja alirudisha mto wake kwenye kitanda changu.

Fundi viatu mmoja wa Kamembe alinitengenezea kiatu kwa ngozi ya begi la zamani na soli ya tairi. Kilikuwa kikubwa kama mtumbwi, kibaya ajabu. Lakini kilikuwa kiatu.

Vidonda vilifunga. Baiskeli ikatolewa kwenye migomba, ikaoshwa mavi ya kuku. Na hapo nikashindwa. Asubuhi ya kwanza nilifika kwenye kona ya kwanza, nikawaona watoto wa shule mbele, nikarudi nyumbani. Ya pili vilevile. Nilimwambia mke wangu mvua inakuja, mpira hauna upepo, kichwa kinauma.

Yeye hakunihubiria. Alifunga muhogo kwenye karia ya baiskeli, akasema, "Maman Neema anangojea hii. Mume wake amevuka, amefika na batoto ba ndugu yake, nyumba imejaa, habana chakula."

Sasa ningefanya nini? Kulikuwa na watoto wanangojea muhogo. Nilipita katikati ya wanafunzi nikiwa nimeinamisha kichwa, waliimba, nikafika, na siku hiyohiyo nikarudi kwenye cherehani yangu nyuma ya pazia. Kesho yake alikuwa amefunga parachichi. Kesho kutwa, mbegu za maharage za mama mmoja wa sokoni. Kila asubuhi palikuwa na kitu nyuma yangu ambacho mtu fulani Kamembe alikuwa anakihitaji. Baadaye majirani wakazoea, wakawa wanaleta vifurushi vyao wenyewe alfajiri. Wewe unayetafuta nguvu ya kutoka nje, usiitafute ndani yako kama ndani mwako hakuna. Fungia mzigo wa mtu mwingine nyuma ya baiskeli. Haya itakuja nawe, lakini utafika.

Mwaka uliofuata, Beata alipata mchumba, kijana wa Rwimbogo. Siku ya wakwe kuja, mama yangu aliniita pembeni. Alishindwa kuanza. Alishika kola ya shati langu, akaninyoosha kama mtoto anayekwenda shule.

"Mwanangu, ukae jikoni leo. Leo tu."

"Nilikuwa nimeshafikiria hivyo, Mama," nikasema. Na kweli nilikuwa nimefikiria.

Nilikaa kwenye moshi pamoja na wanawake waliopika. Nilisikia vicheko, hotuba, vinywaji vikimiminwa. Kisha sauti ya mwanamke mzee, shangazi wa kijana, ikasema kwa upole:

"Tumesikia maneno. Mutatusamehe. Tunaomba binti avule viatu."

Kupitia ufa wa mlango nilimwona mdogo wangu, katika gauni nililomshonea mimi, akiinama mbele ya wazee wote na kufungua viatu vyake. Aliweka miguu yake miwili kwenye mkeka. Ilikuwa miguu mizuri, myembamba. Shangazi akaitazama, akaigusa vifundo. Beata hakulia. Alisema kwa sauti ya kusikika:

"Ile mwenye munatafuta eko jikoni. Ni yaya wangu, kaka mkubwa. Yeye njo alinisomesha kwa ile mguu. Mumuite."

Hakuna aliyeniita. Nilitoka mwenyewe, kwa sababu singeweza kumwacha amesimama pale bila viatu peke yake. Nilisimama karibu naye, na kiatu changu cha begi, na moshi machoni. Nikaamkia. Wageni waliitikia, wakanywa kilichobaki, wakaondoka mapema.

Usifikiri nilijisikia shujaa. Siku nyingi baada ya hapo sikuweza kumtazama Beata. Nilijua kwamba mguu wangu umemvua viatu mbele ya watu. Yeye alilima, mama alisali. Halafu, katikati ya mvua, kijana alikuja peke yake kwa miguu kutoka Rwimbogo, akaloa chapachapa, akamwambia mama yangu kwamba yeye hajabadilika. Wazazi wake walichukua muda. Waliwaozesha kiangazi kilichofuata, harusi ndogo. Shangazi hakuja.

Leo mguu wangu umepungua. Homa ilikuwa inakuja kila msimu wa mvua. Sasa msimu unapita na hainioni. Maman Neema aliondoa pazia zamani, na ilinichukua muda kukubali kurudi mbele. Nilizoea giza langu. Kuosha naendelea, kunyonga naendelea. Haya haijaisha. Nilidhani itapungua pamoja na uvimbe, haikupungua sawa.

Mwezi uliopita nilikuwa natelemka kuelekea Kamembe, mzigo wa ndizi nyuma, nikasikia mwanamke anaita kutoka ukingoni mwa barabara.

"Papa wa velo! Papa wa kiatu kikubwa! Tafazali!"

Kiatu kikubwa. Mwili mzima uliniwaka. Mkono ulikuwa kwenye breki, na haukubana. Mteremko ulinichukua, na nilipofanikiwa kusimama nilikuwa mbali, chini kabisa, na kurudi ni kusukuma kilima chote na ndizi zote. Nilisimama hapo kidogo. Kisha nikageuza baiskeli.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye nyasi na binti yake, msichana wa umri wa kuanza kutazamwa na vijana. Msichana alikuwa amevuta kitenge hadi chini, amekikalia pembeni kisije kikapeperuka. Alikuwa anatazama upande wa mashamba.

"Hataki kwenda tena shuleni," mama yake akasema. "Hataki hata kanisani."

Watu walikuwa wanapita, wanakwenda sokoni, na baadhi yao nawajua. Nilikaa chini kwenye nyasi kando yake, nikafungua kamba za kiatu, nikavua soksi, nikazungusha bandeji hadi ikaisha, nikanyoosha mguu wangu mbele ya barabara. Uso uliniwaka hadi masikioni.

Msichana aligeuka polepole. Aliutazama mguu wangu muda mrefu, mafundo na mikunjo yote. Kisha akainua kitenge chake, kidogo tu, akanionyesha wa kwake.